Sikuolewa, Nilitiwa Betri

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unasikia nusu, na nusu nyingine unaitunga mwenyewe. Juzi Mama alikuambia nimetoka hospitali, wewe ukamjibu kwamba hata nondo siku hizi ni mbovu. Miaka thelathini ya grenda imekula masikio yako. Na hapa nyumbani simu ikilia anaipokea Mama, anaweka sauti kubwa, na jengo zima linakaa kikao. Karatasi haina spika.

Mama hajambo, anakusalimu. Amechukua likizo kule anakofulia shuka za hoteli, na sasa ananifua mimi. Jiko lake ni lile lile dogo, dirisha halifungi, nikikaa mezani magoti yanagusa droo. Mvua hakuna.

Shuleni walitufundisha barua ianze na "mimi ni mzima, hofu ni kwako". Safari hii kaa uamue mwenyewe hofu iende kwa nani. Siku tisa zilizopita walinipasua chini ya mtulinga wa kushoto, wakapachika kidude chembamba chenye upana wa kiberiti, na nyaya mbili zikashuka ndani ya mshipa mpaka moyoni. Kinaitwa pesimeka. Sisi tunakiita betri. Sikulazwa usingizi, walitia ganzi hapo tu, kwa hiyo nilisikia jinsi wanavyosukuma na kuvuta, huku daktari akimsimulia nesi mechi ya juzi. Nilitaka kumwambia ashike kazi kwanza, mpira baadaye, kama unavyotuambia wewe.

Alinieleza hivi: sehemu ya juu ya moyo inatoa amri, ya chini inatii. Kwangu amri zilikuwa zinapotea njiani, ndiyo maana nikaanguka sokoni mbele ya Mama mwezi uliopita, nilipokuja kumtembelea. Betri inafikisha amri. Kosa si langu, si la chuma, si la kukosa kula. Nina miaka ishirini na tano, na wenzangu watatu wodini walikuwa na wajukuu zaidi ya thelathini wakijumlishwa. Bibi wa kitanda cha pili aliniuliza nimekuja kumwona nani.

Masharti ni haya. Wiki sita mkono wa kushoto usipande juu ya bega. Nisinyanyue kizito. Kidonda kisiloe mpaka kifunge, na kikivimba au kikitoa usaha, au nikishikwa na homa, nirudi mbio. Simu isikae mfuko wa kifuani. Kadi ya betri nitembee nayo popote.

Wiki sita, Mjomba, halafu nakuja. Ngao yangu ya kuchomelea iache kwenye msumari wake, mtu asiivae, vichwa vyenu vikubwa mtalegeza mkanda. Geti la shule usilimalize. Nimelianza mimi.

Jambo moja. Daktari aliuliza nilianza kuanguka lini. Ya sokoni najua kwa sababu Mama alipiga kelele mpaka leo wauza nyanya wananisalimia. Lakini za karakanani sizijui, anayezimia hajioni. Nakumbuka tu kuamka na chupa ya soda mkononi. Wewe ulikuwepo. Niandikie ni mara ngapi.

Mpwa wako,
Cheche

21 Februari

Mpwa wangu Cheche,

Marahaba. Barua imefika na nimeisoma mara mbili, nikiwa nimekaa kwenye lile benchi la vaisi tunapobania vyuma. Pole sana. Hujafa hujaumbika. Mshukuru Mungu, na mshukuru dada yangu aliyekukimbiza hospitali.

Huku hatujambo. Paa la karakana linavuja upande wa stoo. Paka amezaa ndani ya sanduku la vijiti vya kuchomelea, watoto wanne, na sasa nikitaka kijiti lazima nimwombe ruhusa. Bawaba tulizoletewa safari hii ni laini, ukizipiga nyundo zinakuinamia tu. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara naye ameanza kutengeneza mageti ya kusukuma, anajisifu mpaka mate yanamkauka.

Kuhusu mkono, nisikilize mimi. Ukigusa kiungo kabla hakijapoa unaanza kazi upya, unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwambie mama yako aufunge mkono kwa shuka, ubane kifuani, mchana na usiku. Usiutikise. Hata kuchana nywele achane yeye.

Ngao yako ipo. Wateja wanakusalimia. Hayo mengine tutaongea ukipona, haraka haraka haina baraka.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, amerudi kazini nusu siku. Mimi naendelea, ila kuendelea kwangu kumepata ajali, na dereva ni wewe.

Mama aliisoma barua yako kama waraka wa serikali. Alinifunga shuka siku hiyo hiyo, fundo mgongoni nisilifikie. Sikukataa kwa sababu, nakiri, niliogopa. Kila nikiwaza waya unachomoka moyoni, nilikuwa naukaza mkono mwenyewe hata bila shuka. Jana nimerudi kliniki. Daktari kasema nyoosha mkono pembeni. Haukunyooka. Bega limeganda, Mjomba. Akamuuliza Mama nani aliyeagiza nifungwe namna hii.

"Kaka yangu. Ni fundi."

"Fundi wa mifupa?"

"Wa mageti."

Nesi alitoka nje kwenda kucheka. Daktari hakucheka. Kasema alichokataza ni kupandisha mkono juu ya bega na kunyanyua mizigo. Chini ya bega nilitakiwa kuutumia kila siku, kushika kikombe, kufunga vifungo, kuuzungusha polepole. Kidonda chenyewe kimefunga vizuri. Kilichoharibika ni kile tulichokuwa tunakilinda. Sasa kila asubuhi nasimama mbele ya ukuta wa jikoni, vidole vinapanda ukutani kidogo kidogo, na Mama ameweka alama ya penseli pale nilipofika. Inauma mpaka natukana kimoyomoyo.

Yapo ambayo hawakuniambia. Hawakuniambia kwamba nitachoka kwa kuosha sahani mbili. Wala kwamba nitalia kwa utabiri wa hali ya hewa. Mkanda wa mkoba unakaa pale pale juu ya betri, na mkanda wa sidiria vile vile, kana kwamba waliopima walipanga. Mama kila alfajiri anakuja na saa ya ukutani ya jikoni, ameing'oa kwenye msumari wake, ananishika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo. Sitini. Kesho yake sitini. Nimemwambia betri haibahatishi, hasikii, naye ni dada yako. Usiku nalala vizuri. Kuhusu kioo cha bafuni sina la kusema.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonikalisha niandike. Daktari aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia nachomelea vyuma. Akaweka kalamu chini. Kasema mashine ya umeme ya kuchomelea inatoa nguvu hewani, na betri ikiisikia inaweza kudhani ni moyo unapiga, ikaacha kutoa amri. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kazi ya ofisi. Nikamwambia ofisi yangu ninayo, haina kiyoyozi, ina paka.

Hakukataa moja kwa moja. Kasema yupo fundi wa betri hapo hospitali, anazisoma kwa kompyuta, na huyo ataweza kusema lipi linawezekana na lipi haliwezekani, ila anahitaji namba. Kwa hiyo nenda nyuma ya kila mashine, kile kibao cha bati, uninakilie: ampea ngapi. Nyaya zina urefu gani. Miadi yangu ni tarehe 28 mwezi huu. Tafadhali barua ifike kabla. Bila hizo namba siingii karakanani, na mimi lazima niingie.

Na hujajibu ni mara ngapi.

Cheche

12 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Mvua imenyesha wiki mbili, stoo imejaa maji, vijiti vimelowa, paka amehamia kwenye koti langu. Kuhusu bega, nimekosa. Mwambie dada yangu asinipigie tena kunifokea, nilichosikia kimetosha.

Nimekwenda kwenye vile vibao. Ni vya zamani, maandishi yamefutika. Sikuona kitu cha kukuandikia.

Cheche, nimekuwa nikifikiri. Mwandiko wako ni mzuri. Unajua kupima, unajua kuchora, unajua kuongea na wateja hata wale wajeuri. Lipo duka la rangi linafunguliwa karibu na stendi, wanatafuta mtu wa kaunta. Kiti kipo, feni ipo. Si lazima mtu afie kwenye chuma. Mimi mwenyewe ningekuwa na umri wako ningekwenda.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fikiria.

Wasalimie wote.

Mjomba wako

26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo ipo, ila leo imekuja imenuna.

Tarehe 28 Machi nilikwenda kwenye miadi mikono mitupu. Fundi wa betri ni mwanamke mfupi, mkimya, ana miwani imefungwa kwa uzi. Aliniwekea kitu kama kipanya cha kompyuta juu ya kidonda, akaisoma betri yote, imefanya nini tangu Januari, saa ngapi, mara ngapi. Nilimwonea wivu. Yeye anauliza chombo kinamjibu. Kisha akasema, "Namba za mashine ziko wapi?" Nikasema zinakuja. Akasema bila namba hawezi kuniambia ndiyo, na kama hawezi kuniambia ndiyo basi jibu ni hapana. Nilitoka hapo nikatembea mpaka nyumbani, vituo saba vya basi, ili Mama asinione usoni.

Vibao vimefutika! Mashine ndogo tumeinunua mwaka juzi, mimi ndiye niliyeibandua ile nailoni.

Sasa ngoja umalizie chai yako, maana linalofuata utalimeza vibaya. Juzi niko kwenye foleni ya duka la dawa. Mtu ananishika bega, kwa bahati la kulia. Kugeuka, mwalimu mkuu wa ile shule yetu ya geti, amekuja kwenye semina. Akanikumbatia. "Hongera bibi harusi!" Nikadhani amenifananisha. Kumbe mimi nimeolewa, Mjomba. Tangu Januari. Watu wote wa mtaa wa karakana wanajua isipokuwa mimi.

Hebu niambie, mume wangu anaitwaje? Ni mrefu? Anakoroma? Mwalimu mkuu anasema wewe mwenyewe ulimweleza kwamba ni mtu wa mbali, ana kazi nzuri, na hataki mke wake ashike chuma tena. Ajabu, huyo bwana ana maneno kama yako. Nimepasuliwa kifua, nimegandishwa bega, nimesimama ukutani kama mtoto anayepimwa kimo, ili nirudi kazini kwangu. Wakati huo wote wewe ulikuwa unanifungia mlango, tena kwa vigelegele.

Nikamwonyesha kovu hapo hapo kwenye foleni. Sikuona haya. Nikamwambia, "Sikuolewa, nilitiwa betri." Alishika mdomo. Kisha akasema maneno ambayo sijayatoa kichwani: "Basi ndiyo maana siku ile ulianguka pale getini kwetu mwezi wa kumi. Fundi alituambia ni jua."

Mwezi wa kumi.

Nitakuambia nilichokuficha, ili usiseme nakudai ukweli na wangu nimeukalia. Niliandika nalala vizuri. Nilidanganya. Silali. Nikilalia ubavu wa kushoto naisikia betri ikisogea chini ya ngozi, nikilala chali nasikiliza moyo nikisubiri ukose pigo moja. Kioo cha bafuni nimekifunika kwa taulo tangu Februari. Juzi ndiyo mara ya kwanza mtu asiye wa hospitali wala wa nyumbani ameliona kovu, na mtu mwenyewe ni mwalimu mkuu, katikati ya watu wa vikohozi. Naogopa kila siku. Lakini siogopi kuchomelea. Naogopa kuishi miaka hamsini nikiuza rangi kwa sababu watu wawili wanaonipenda hawawezi kulala.

Haya. Zamu yako. Ni mara ngapi?

Mpwa wako ambaye hajaolewa

5 Juni

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu nimewashia jiko.

Ni mara tatu.

Ya kwanza ni hiyo ya Oktoba, tulipokwenda kupima nguzo za geti. Ulishuka taratibu, ukakaa, ukalala. Ukaamka kabla sijakufikia. Kweli jua lilikuwa kali, na niliamini ni jua. Naomba uniamini kwa hiyo moja.

Ya pili ni Novemba, stoo. Nilisikia bomba zinaanguka nikadhani ni paka. Ulikuwa umepasuka nyusi, nikakuambia umejikwaa. Ulinikubalia. Wewe huwa unanikubalia nikiongea habari za karakana.

Ya tatu ni wiki moja kabla hujaondoka kwenda kwa mama yako. Mashine kubwa ilikuwa inanguruma, nikaona mwanga hauwaki. Nikageuka. Ulikuwa chini, ngao usoni, kijiti bado kwenye kishikio mkononi mwako. Nilipokuvua ngao midomo ilikuwa haina rangi. Nilikuita, nikakuita. Sijui ni muda gani. Ulipofumbua macho nilikupa soda nikakuambia hujala. Nilijua si njaa, Cheche. Mwenye njaa hawi vile. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, wanataka geti lao, na hakuna mwingine wa kulifanya kama wewe. Nikajiambia, likiisha tu nampeleka hospitali. Halikuisha. Ukaenda kwa mama yako, ukaanguka sokoni, na yeye ambaye hajui tofauti ya bolti na nati alikupeleka siku hiyo hiyo.

Hiyo ndoa sikuipanga. Mteja wa kwanza aliuliza uko wapi, nikafungua mdomo likatoka. Kila aliyekuja baada ya hapo nikaongeza chumvi, mpaka mumeo nikampa gari. Ningesema unaumwa, swali linalofuata lingekuwa unaumwa tangu lini. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia, kwa wateja, kwa dada yangu, na kwako.

Vibao havijafutika. Mashine kubwa ni ampea mia nne. Ile ndogo ni mia moja na sitini, na sisi kwenye bomba nyembamba tunaiweka themanini, mara chache tisini. Nyaya zake zote mbili ni mita tano tano. Nimepima kwa utepe, si kwa hatua. Peleka.

Nimekupa namba usije ukasema nilikuficha tena. Lakini sitaki uje. Najua unaweza kazi. Mimi ndiye siwezi. Mashine ikinyamaza kidogo tu, hata ni mteja ameizima, nageuka nikitegemea kukukuta chini. Nimekuwa mwoga uzeeni, na nimeshindwa kulisema mpaka nimemaliza karatasi.

Mama yako mwambie au usimwambie, uamuzi ni wako.

Mjomba wako

24 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama nimemwambia. Amefua shuka zote za nyumba hii, kisha ameanza za jirani. Mpe muda, na usipige simu.

Bega limefika alama ya juu ya penseli. Kioo nimekifunua, si kwa ujasiri, taulo ilihitajika. Nimesimama pale nikaliangalia kovu mpaka nikalichoka, ni mstari tu, na uvimbe mdogo wenye kona. Naanza kulala.

Barua yako niliisoma nikaikunja nikaiweka chini ya sufuria kubwa siku tatu ili nisiione. Halafu nikachukua ule upande wenye namba nikaenda nao hospitali. Yule mama wa miwani ya uzi alikaa na daktari saa nzima, wakapiga simu kwa waliotengeneza betri, wakanifunga kifaa cha kurekodi mapigo. Majibu yao nakuandikia kama walivyosema, na ni yangu mimi, mwenye betri nyingine aende akaulize yake. Mashine kubwa hapana. Si leo, si mwakani, hapana. Ndogo ndiyo, kwa ampea themanini, nikiwa nimeiacha nyuma yangu mbali, nyaya zote mbili zilale pamoja sakafuni zisinizunguke, kibanio cha ethi, kile cha waya wa pili, kikae karibu na ninapochomelea, kijiti kiwe mbali na kifua kadiri mkono unavyonyooka. Nisichomelee peke yangu. Nikisikia kizunguzungu naachia kila kitu na kuondoka hapo. Baada ya wiki tatu narudi wasome betri iseme imesikia nini, na ikisema imesikia vibaya, naacha.

Kwa hiyo kenchi za mapaa basi. Mihimili basi, yote hayo yanataka mashine kubwa. Nilikuwa nataka siku moja nijenge daraja la watembea kwa miguu, sikuwahi kukuambia, ungenicheka. Nililia kwenye ngazi za hospitali, na yule mama akaja akakaa pembeni yangu akala ndizi yake. Nimelia, nimemaliza. Kilichobaki bado ni kingi na ni changu.

Kuhusu wewe. Ya Oktoba nimekusamehe. Ya Novemba nusu, kwa sababu ya nyusi. Ya tatu bado. Usiniombe, nitakuambia nikifika. Ulinilea kwenye kazi hii, ulinifundisha kwamba kiungo kibovu hakifichwi kwa rangi, halafu mimi ndiye ukanipaka rangi. Nimekasirika na nakupenda, na siwezi kusubiri kimoja kiishe ndipo nije.

Unaogopa. Sawa, ogopa. Mimi naogopa pia na nakuja hivyo hivyo, Jumatatu tarehe 15 Julai. Lakini sikanyagi hapo kabla hujafanya jambo moja. Nipe talaka na huyo bwana mwenye gari. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako ni nini kilitokea mwezi wa kumi, na baada ya hapo kila mteja aliyeniulizia aambiwe ukweli. Sitafanya kazi mahali ambapo inabidi nijifiche nikihema. Na siku nikianguka, hakuna soda. Unazima umeme ukutani, unanilaza, unaita gari la hospitali, hata kama kazi ni ya rais.

Ukikataa, jirani wa ng'ambo ya barabara atanichukua. Nimeshamwandikia, na tayari amenijibu. Mwandiko wake ni mbaya lakini amejibu kwa wiki moja.

Cheche

6 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia Jumatano. Alhamisi asubuhi nilivaa shati lenye kola, nikafunga karakana, nikaenda shuleni.

Nilimkuta mwalimu mkuu ofisini na walimu wawili. Nikasema nina neno, akasema niseme, akanivutia kiti. Nilikataa kukaa. Nikamwambia: "Mpwa wangu hakuolewa, unajua. Alianguka mbele yenu hapa nikawaambia jua. Akaanguka tena mara mbili kwangu, nikajua ni ugonjwa, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kazi yenu iishe. Angekufa. Sasa ana betri ya moyo, na Jumatatu ya tarehe 15 anarudi kazini."

Alinisema, kwa ile sauti yao ya darasani, mbele ya wale wawili, na sikujitetea hata kidogo. Safari hii nilisikia kila neno.

Nimekwenda pia kwa wengine, nyumba kwa nyumba. Mmoja amenifungia mlango. Jirani wa ng'ambo amenicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kama sikutaki nimwambie mapema. Nimemwambia akae na mageti yake.

Nilipokuwa natoka pale shuleni, mwalimu mmoja, kijana wa hesabu, alinifuata mpaka uwanjani. Aliongea kwa upole. Akauliza kwa nini geti nisilimalize mwenyewe, mimi mzima, kuliko kumpa mgonjwa.

Nikamwambia geti lina fundi wake, mimi nitashika upande wa pili.

Tunaanza saa mbili. Usichelewe.

Mjomba wako